Saa Tatu Zinatosha: Vile Unaeza Jenga Boksi Lako la Saa Ukiwa Awendo Bila Kuchezwa

Uko steji Awendo, unangoja mathree ya kwenda Kisii. Trekta la miwa linapita polepole likielekea kiwandani, watoto wako nyuma wanajaribu kuchomoa muwa mmoja. Jamaa anakukaribia na sanduku la kioo. Analifungua. Maze, ndani kuna Rolex, kuna Hublot, kuna Patek Philippe, zote zinang'aa kama meno ya dhahabu.

"Boss, hii ni ori. Imetoka Dubai. Nipe soo nane tu."

Unaangalia mkono wako, uko mtupu. Jumamosi kuna harusi. Unamshusha hadi soo tano, unadunga, unapanda gari ukijiskia sonko. Jumapili usiku kioo kina ukungu ndani. Wiki ya tatu ile rangi ya dhahabu imehamia kwa ngozi yako. Mwezi wa pili saa imesimama, lakini bado unaidunga, kwa sababu kwenye picha hakuna mtu atajua imesimama.

Kama haijawahi kukupata, imempata beshte yako. Na shida si ile soo tano moja. Shida ni kwamba utanunua ingine. Saa tano za aina hiyo kwa mwaka ni 2,500, na mwisho wa mwaka hauna saa hata moja inayotembea. Hiyo doh ingekupatia saa moja ya ukweli, ile inakaa miaka saba na betri moja tu. Si story za jaba, tutafika hapo.

Leo nataka tuongee vile msee wa kawaida anaeza kuwa na boksi dogo la saa poa. Msee wa nduthi, mwalimu wa BOM, manzi wa salon, mtu wa shift, hata yule anauza sukari nguru. Sisemi saa ishirini. Tatu. Ukizidisha tatu kabla ujue unachopenda, unaanza kununua ndio ununue.

"Lakini simu si iko na saa?"

Iko, na inaonyesha saa vizuri kushinda saa yoyote nitakayotaja hapa. Sasa jaribu kuichomoa kwa mfuko ukiendesha nduthi na abiria wawili, mvua inanyesha, barabara ya ndani imekuwa matope. Jaribu kuiangalia mikono yako ikiwa na grisi ama molasi. Jaribu kuitoa steji saa tatu usiku uone kama utarudi nayo nyumbani. Nesi anayehesabu mpigo wa moyo wa mgonjwa anahitaji mshale wa sekunde, hataki notification za WhatsApp. Na mtoto wa Form Four haruhusiwi kuingia na simu kwa chumba cha KCSE. Pale ndani, kujua umebakisha dakika ngapi ni marks.

Halafu kuna ile ingine, tuseme tu ukweli: saa inakaa fiti kwa mkono. Hiyo pia ni sababu.

Anza na ile ya kuchapa kazi

Saa ya kwanza kwa boksi lako iwe ya plastiki na ya namba. Najua unakunja uso. Ngoja kwanza.

Casio F-91W ilitoka mwaka wa 1989 na mpaka leo inatengenezwa, sura ile ile. Ina uzito wa gramu 21, ni kama hujadunga kitu. Ina alamu, ina stopwatch, ina kataa kamoja ka kijani kwa upande wa kushoto ambako, si uongo, kanamulika kidogo sana, kipepeo angefanya kazi bora. Betri yake ni CR2016 na kampuni inasema inakaa kama miaka saba. Makosa yake ni kama sekunde 30 kwa mwezi.

Hiyo namba ya mwisho irudie pole pole. Rolex wenyewe wanasema saa yao ya mashine inaweza kwenda mbele ama nyuma sekunde mbili kwa siku. Piga hesabu ya siku 30, ni hadi dakika nzima. Kwa hivyo ile saa ya plastiki, kwa makaratasi, inashika muda vizuri kuliko saa ya mamilioni. Mtu wa Rolex hanunui muda, ananunua vitu vingine, na hiyo ni sawa kwake. Wewe usidhani bei ndio usahihi.

Siri ni kijiwe. Ndani ya saa ya betri kuna kipande kidogo cha kioo cha kwatzi. Umeme ukipita kinatetemeka mara 32,768 kila sekunde, na mashine inahesabu hiyo mitetemo ndio ijue sekunde imeisha. Seiko ndio walileta saa ya kwanza ya mkononi ya aina hii sokoni, Tokyo, tarehe 25 Desemba 1969. Iliitwa Astron na ilikuwa yen 450,000, bei ya gari wakati huo. Leo hiyo teknolojia iko kwa saa unanunua na pesa ya fare. Sisi wa siku hizi tumeokota dhahabu barabarani na hatujui.

Sasa bei. Ng'ambo F-91W ori huenda kama dola 20 hivi. Kwa rate ya 130, hiyo ni kama 2,600, kabla mtu wa duka hajaweka yake. Kwa hivyo mtu akikuambia ako na mpya, ori, kwa soo tatu, usibishane naye. Hesabu imeshambishia.

Kuna test moja watu hupenda: finya kile kifungo cha kulia, shikilia kama sekunde tatu. Ori inaandika "CASIo" kwa kioo. Feki nyingi zinabaki zimeduwaa. Lakini usiweke imani yako yote hapo, watu wa feki nao hujifunza. Angalia pia maandishi ya mbele kama yamenyooka, geuza nyuma uone skrubu nne na namba ya modeli imechapwa vizuri, finya kila kifungo uskie kama kinarudi. Feki huwa na maandishi ya mafuta mafuta, kama t-shati ya kampeni ikishaoshwa mara mbili.

Kama ni ya mtoto wa mtihani, kitu kimoja. Hii saa hupiga "pip" kila saa ikifika, na hutaki hiyo katikati ya Paper Two. Ingia sehemu ya alamu, finya kile kifungo cha kulia mpaka alama ya mlio ipotee. Fanya hivyo nyumbani, usingoje ukiwa kwa dawati.

Ukitaka kitu kigumu zaidi, kuna G-Shock, ndugu yake mkubwa. Injinia mmoja wa Casio, Kikuo Ibe, aliangusha saa aliyopewa na babake ikapasuka, akaapa kutengeneza saa haiwezi kuvunjika. Ya kwanza ilitoka 1983. Inaingia maji hadi mita 200. Kwa mtu wa nduthi ama mtu wa kukata miwa hiyo ni saa ya maisha, ila bei imepanda ngazi, na ndio moja ya saa zinaigwa sana hapa nje. Kama una doh ya F-91W tu, nunua F-91W. Usinunue G-Shock ya doh ya F-91W.

Na usiskie haya kudunga plastiki. Bill Gates ameonekana mara nyingi na Casio Duro, saa ya kitu kama dola 50 hadi 70. Na yule mjukuu wa Kogelo hapo Siaya, Barack Obama, akiwa rais wa Marekani alikuwa anadunga Jorg Gray aliyopewa na walinzi wake birthday yake ya 2007. Saa ya dola mia chache. Alikuwa ofisi kubwa kuliko zote duniani na hakuna aliyemuuliza Rolex iko wapi.

Ya pili ni ya shughuli

Harusi, matanga, harambee, kanisa, interview ya kazi ya kaunti. Hapa unataka saa ya mishale, nyembamba, inaingia chini ya mkono wa shati bila kupigana. Uso mweupe ama mweusi. Namba chache. Mkanda wa ngozi ama chuma.

Hapa ndipo watu huchezwa zaidi, kwa hivyo tukae hapa kidogo.

Kitu cha kwanza, geuza saa. Nyuma mara nyingi utaona imeandikwa "Stainless Steel Back". Wengi husoma "stainless steel" na kuacha kusoma. Lile neno la mwisho ndilo lina maana: kifuniko cha nyuma pekee ndio chuma kisichoshika kutu. Mwili wa saa unaweza kuwa ni bati laini lililopakwa rangi. Hiyo ndiyo hutoka na jasho na kuanza kukuwasha. Ukitaka chuma chote, tafuta iliyoandikwa "All Stainless Steel", ama uliza muuzaji mwili wa saa ni wa nini, uone kama atakuwa na jibu.

Cha pili, "Japan Movt". Hii iko kwa karibu kila saa ya bei ya chini. Inamaanisha mashine ya ndani ni ya Kijapani ama ya kampuni ya Kijapani. Haimaanishi saa ni ya Kijapani. Kusema kweli si kitu kibaya, mashine za kwatzi za Miyota na za Seiko ni za bei ya chini na zinatembea miaka. Lakini usilipe bei ya Citizen juu ya neno hilo.

Cha tatu, vile visaa vidogo vitatu ndani ya uso. Kwa saa nyingi za rahisi zimechorwa tu. Finya kifungo cha pembeni uone kama mshale unaanza kukimbia. Kama hakuna kitu kinasonga, hiyo ni picha ya saa ndani ya saa. Mimi naonaga heri uso mtupu unaosema ukweli.

Cha nne, dhahabu. Sisi ni watu wa Migori, hatuwezi kudanganywa kuhusu dhahabu. Watu wanachimba Macalder na Nyatike, tunajua inatoka vipi na inagharimu nini. Sasa nani atakupa dhahabu ya kuzunguka mkono mzima kwa soo tano? Ni rangi. Kama unapenda hiyo rangi, poa, lakini jua itachakaa kwanza pale pembeni panaposugua shati. Rangi ya chuma huficha umri.

Kwa hii bei kuna Casio za mishale za kawaida, zile za MTP, ambazo hazina maringo na zinafanya kazi. Kuna Q&Q, ambayo ni ya familia ya Citizen. Halafu kuna majina ya Kichina kama Skmei, Naviforce na Curren, ambayo wengi wetu tunayajua. Sitakuambia ni mbaya. Saa ya Kichina inayojiita kwa jina lake ni saa. Ni heri Skmei ya ukweli kuliko Rolex ya uongo, kwa sababu ile ya kwanza imekuambia ni nani, na ikikufa unajua umepoteza nini. Na mtu anayejua saa akiangalia mkono wako kwa interview, feki ndio anaona kwanza. Hapo umechoma picha kabla hujafungua mdomo.

Saizi pia. Wasee wanapenda saa kubwa kama sahani ya ugali. Weka saa juu ya kiwiko cha mkono wako, angalia zile pembe nne zinazoshika mkanda. Zikipita ukingo wa mkono, hiyo saa ni ya mtu mwingine. Mkono mwembamba, uso wa milimita 34 hadi 38 unakaa vizuri sana. Dada zetu nao wasikubali kuambiwa saa ya manzi lazima iwe ndogo kama kifungo na mawe ya kumetameta. F-91W hiyo hiyo, ama saa ya kiume ya milimita 34, imewakaa mamanzi wengi poa kushinda wenye nazo.

Mita 30 si mita 30

Hii imeua saa nyingi za watu wa upande wetu, na hasa wale wa Homa Bay na Mbita wanaocheza na ziwa kila siku. Saa imeandikwa "30M". Mtu anaruka nayo ndani ya maji ya kiuno, inakufa, anasema ni feki. Inaweza kuwa ori kabisa. Hiyo namba ni presha ya maabara, saa imetulia, maji yametulia. Mkono wako ukipiga maji presha inaruka.

Kwa maisha ya kawaida: iliyoandikwa "Water Resist" tu ama 30M, hesabu mvua na kunawa mikono. 50M, ukiteleza ukaingia Kuja kidogo itakusamehe. Kuogelea ni 100M kwenda juu. Mvuvi achukue 200M na asiniulize tena. Na usifinye vifungo saa ikiwa ndani ya maji, hapo ndipo mlango unafunguka. Mvuke wa maji moto nao ni adui, kwa hivyo ukioga ya moto, iache nje.

Ya tatu ni ya moyo

Nenda gede, ocha kwenu. Ingia kwa ile kabati ya kwara, ile ya stakabadhi za shamba, kitambulisho cha zamani na risiti za miwa za miaka hiyo. Kuna uwezekano mkubwa kuna saa hapo imelala. Imesimama, mkanda umekatika, kioo kina mikwaruzo. Wengi huiacha hapo ama kuwapa watoto wachezee. Usifanye hivyo.

Kama imeandikwa Seiko 5, umebahatika. Seiko walianza hiyo laini 1963, na ile tano ni ahadi tano: inajijaza yenyewe, siku na tarehe ziko dirisha moja, inastahimili maji, kile kidude cha kuzungusha kimefichwa kwa nambari nne, na mwili pamoja na mkanda ni imara. Nambari nne, lakini wewe na mimi tukiangalia pale tunasema saa kumi. Hapo ndio utajua saa zote duniani zimetengenezwa na watu ambao hawahesabu siku kutoka jua likichomoza. Mshale uko kwa saba, sisi tunasema saa moja, na hatuchanganyikiwi.

Seiko 5 haina betri. Ndani kuna kipande kizito kinachozunguka ukitembea, ndicho kinajaza spring. Ukiiweka chini siku mbili inalala, si ugonjwa. Nyingi za zamani haziwezi kujazwa kwa kuzungusha kile kidude. Zitikise taratibu upande kwa upande, kisha dunga, itaamka. Itakosea sekunde kadhaa kwa siku, hata ishirini, na hiyo ni kawaida. Ikianza kukimbia dakika nyingi mbele ghafla, jiulize umeilaza wapi. Najua keja zetu. Umeiweka juu ya woofer. Sumaku ya spika inashikanisha ile spring ndogo, saa inaanza kwenda mbio. Fundi mwenye kifaa anaitoa sumaku kwa sekunde chache.

Kama ni ya kujaza kwa mkono, ijaze asubuhi, polepole, mpaka uskie imekataa. Ikikataa, acha. Na ukiona "17 Jewels", usikimbie kwa sonara. Si almasi. Ni vijiwe vya rubi vya kutengenezwa kiwandani vinavyopunguza msuguano, havina bei ya kukupeleka mahali. Kitu kimoja cha usalama: saa za kabla ya miaka ya 1970 zilizokuwa zinawaka gizani, nyingine zilipakwa radiamu. Usikwangue ile rangi kwa kisu, na usimpe mtoto.

Kama kwara hakuacha saa, kuna mtumba. Lakini hapa fungua macho mawili. Seiko 5 ukiona uso wake unang'aa rangi ya machungwa ama kijani kama reflekta, na mwili umechakaa, huo uso umepakwa upya. Kuna biashara kubwa ya hizo kutoka India, Mumbai hasa, wanachukua Seiko, Citizen na HMT za zamani, wanapaka, wanaunganisha vipande, wanauza. Inatembea, sawa, lakini lipa bei ya kitu kilichounganishwa. Na mtu akikuletea saa poa usiku, haraka haraka, bei ya kutupa, jua kuna mwenyewe mahali anaitafuta. Kupokea mali ya wizi ni kesi, na askari hawatajali ulikuwa unajenga boksi.

Betri na mkanda

Hapa ndipo saa nyingi nzuri hufa bila sababu. Ile kadi ya betri ndogo ndogo zinazouzwa kwa mikono, kumi kwa bei ya chai, imeandikwa AG4, AG3, AG1. Hizo ni za alkali. Zinaingia vizuri, saa inatembea, unafurahi. Lakini nguvu yake inashuka kidogo kidogo, na ikiisha huvuja. Yale maji yake hula mashine. Saa nyingi za mishale zinataka betri ya SR626SW, ambayo pia huitwa 377. Ni ya oksidi ya fedha, nguvu yake inakaa sawa mpaka siku ya mwisho. Tofauti ya bei ni ndogo. Mwambie fundi hiyo namba kabla hajafungua, atajua hujaja jana.

Na saa ikisimama na huna doh ya betri, toa ile imekufa. Usiiache ndani ukisubiri mwisho wa mwezi.

Mkanda ndio njia ya kupata saa mpya bila kununua saa. Chukua rula, pima nafasi kati ya zile pembe mbili: itakuwa 18, 20 ama 22 milimita. Ya ngozi ni smart lakini jasho la hapa kwetu linaila, na harufu yake ikishaanza hakuna pafyumu inasaidia. Ya nailoni unafua na Omo, unaanika, jioni uko sawa. Saa moja ya uso mweusi, mkanda wa ngozi kwa kanisa, nailoni kwa wiki. Watu wataapa una saa mbili.

Doh inatoka wapi

Tusidanganyane, pesa ya upande huu huja kwa msimu. Miwa ikilipwa watu wako juu, isipolipwa hata supu ni mkopo. Kwa hivyo usinunue saa zote siku doh imeingia, maana siku hiyo kila kitu kinakaa cha maana. Soo mbili kwa wiki, ukizificha mahali huwezi kuzitoa ovyo, baada ya wiki 13 ni 2,600. Hapo una ile ya kwanza. Idunge miezi kadhaa. Itakufundisha unachopenda: labda utagundua hutaki mishale kabisa, labda utaona saizi ilikuwa kubwa. Miezi mingine minne au mitano, ya pili. Ile ya kwara ni gharama ya fundi na mkanda tu.

Kama unaagiza online, soma jina la muuzaji, si jina la app pekee, na uchague kulipa ukishaona mzigo kama inawezekana. Kama unatuma mtu Kisumu ama Nairobi, mpe namba kamili ya modeli kwa meseji. "Niletee Casio" ni sawa na kusema "niletee nguo". Omba risiti iliyoandikwa modeli. Sheria ya bidhaa ghushi iko Kenya tangu 2008, lakini bila risiti utamshtaki nani, yule jamaa wa sanduku la kioo ambaye kesho yuko Rongo?

Na ukipeleka ile ya kwara kwa fundi, usiiache hapo uende kunywa chai. Muulize kwanza bei, piga picha ya uso na ya nyuma kwa simu, kisha mwambie afungue ukiwa umesimama hapo. Muombe akuonyeshe mashine. Ni kitu kizuri kuangalia, magurudumu madogo yanazunguka kama kiwanda kizima ndani ya kifuniko cha soda. Piga picha ya hiyo pia. Kama kazi itachukua siku, mwachie akiwa ameona picha zako. Na usitoke hapo kabla hujaona akifunga kile kifuniko cha nyuma.